Waya Ulioachwa Mahali Pake

Watu wa jengo lile walimwita Bisibisi, na hata mkewe, siku alizokuwa na hasira naye, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba nyuma ya kichwa, umri umekaribia hamsini. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo mwenye jengo angeweka ndoo na mafagio kama Bisibisi asingewahi kupaomba. Mlikuwa na meza mbili. Ya ndani ilikuwa yake. Ya mlangoni ilikuwa ya kaka wa mkewe, muuza vifaa vilivyotumika, mtu mnene mwenye maneno, ambaye wateja walimwita Vipuri.

Jambo moja lilimtofautisha Bisibisi na mafundi wenzake: hakuvumilia waya uonekane. Kompyuta aliyoiunda yeye ulipoifungua ubavu ulikuta feni, kadi na ubao, basi. Waya zote alizipitisha nyuma ya ubao, akazikunja kwa pembe sawa, akazifunga kwa vitepe vyeusi na kuvikata ncha ili visimchubue mtu. Ilimchukua saa nzima ya ziada, na hakuna mteja aliyewahi kumlipa kwa ajili yake. Vipuri alikuwa akimtania kwamba anasuka nywele za mtu atakayevaa kofia maisha yake yote. Bisibisi alicheka, akaendelea kusuka.

Alhamisi moja, saa tatu kamili asubuhi, aliingia mteja wake wa siku nyingi, mwanamke anayehariri video za harusi na mahafali. Alikuwa amepakata kompyuta yake ya mezani, imefungwa shuka kama mtoto mgonjwa. Bisibisi ndiye aliyeiunda miaka mitano iliyopita.

"Imeanza kuniaibisha, fundi," alisema, akiishusha mezani. "Nikiunganisha picha za kamera mbili inaganda. Naenda kuosha vyombo, narudi, bado inafikiria."

"Na mwenzako anasemaje?"

"Mwenzangu?" Akavuta kigoda. "Mtu mzima, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ananinunia kwa sababu magari ya mchezo wake wa kompyuta yanatembea kama yako kwenye msafara wa maziko. Tumekubaliana tuchange. Mimi nanunua ram na diski mpya, yeye ananunua kadi ya picha. Lakini hatuna cha kumwaga, fundi. Usinipe orodha ya matajiri."

"Wengine ndoa yao inajenga nyumba," alisema Vipuri kutoka mlangoni. "Hii inajenga kompyuta."

"Nyumba tumepanga, kaka. Kompyuta ni yetu."

Bisibisi alifungua ubavu, akachungulia. Alimwambia ukweli kama alivyouona. Prosesa bado ina nguvu, wasiiguse. Ram, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iongezwe mara mbili. Diski mpya iwe ile ya kisasa isiyozunguka, ndogo tu, ya kufanyia kazi, na diski ya zamani ibaki kuwa ghala. Kadi ya picha wachukue iliyotumika, kizazi cha nyuma kidogo, maana bei yake ni nusu na kwa macho ya kawaida hakuna atakayeona tofauti. Tatizo ni kwamba kadi hiyo inakunywa umeme mwingi, na pawa saplai iliyomo, lile boksi la umeme, haitaimudu.

"Kwa hiyo tunabadilisha na pawa saplai," alisema mhariri, akipiga hesabu kwa macho.

"Tutabadilisha. Vipuri anayo moja iliyotumika, nimeipima mwenyewe wiki iliyopita."

Mwanamke alikubali. Kisha akasogea karibu na meza na kushusha sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mgeni mwingine.

"Hii diski ya zamani inakwaruza kidogo asubuhi ninapoiwasha. Naomba uiangalie kama jicho lako. Mle ndani yumo yule mzee aliyekuwa akitangaza treni pale stesheni."

Bisibisi alimjua mzee yule kwa sauti, kama mji mzima ulivyomjua. Kwa miaka thelathini ndiye aliyewaambia watu treni ipi inaingia na ipi imechelewa.

"Nilimrekodi saa tatu nzima," mhariri aliendelea. "Watoto wake waliniita wiki mbili kabla hajafanyiwa upasuaji wa koo. Ameongea na kila mtoto wake, mmoja mmoja, kwa jina. Upasuaji umeenda vizuri, yu hai, anakula. Ila sauti ndiyo imekwisha, wameitoa. Jumamosi mchana ukoo wote unakutana kwake kuangalia video. Kesho nzima nitakuwa naimalizia."

"Kadi za kamera bado unazo?"

"Nilizifuta. Nilikuwa na harusi Jumapili yake."

Ukutani juu ya meza ya Bisibisi palikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: nakala kwanza, kufungua baadaye. Kila kompyuta iliyoingia mle, aliunganisha diski yake na diski kubwa ya kazini na kunakili kila kitu kabla hajagusa skrubu nyingine. Alitazama saa. Kunakili diski ile kungechukua saa nne. Mwanamke alikuwa na mahafali ya kurekodi, angerudi saa kumi. Muda ulitosha, kwa kubanana.

Lakini Bisibisi alijiambia kwamba diski yenyewe haibadilishwi, itabaki pale pale ilipo, wala hataishika. Anabadilisha boksi la umeme tu, anachomeka ram, anachomeka kadi. Kwa nini apoteze saa nne? Ndivyo alivyojiambia, na hivyo ndivyo watu waangalifu wanavyoanza kuharibu. Mzembe huvunja kanuni bila kuiona. Mwangalifu huiona, huisalimia kwa heshima, kisha hutoa sababu nzuri ya kuipita.

"Nenda kazini, dada," alisema. "Saa kumi utaikuta tayari."

Kazi ilikwenda vizuri. Ram iliingia kwa mlio wake mdogo. Diski mpya, nyembamba kama kipande cha ufito, ilikaa juu ya ubao. Alichomoa pawa saplai ya zamani, ambayo waya zake ni za kuchomoa na kuchomeka, akaweka ile ya Vipuri, ambayo nayo ilikuwa ya namna hiyo, ya kampuni nyingine. Waya za pawa saplai mpya zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Alitoa ule mnene wa ubao mkuu, akaupitisha. Alitoa wa prosesa, akaupitisha. Alitoa wa kadi ya picha. Kisha akageuza kasha ili atoe waya wa diski ya zamani.

Waya ule ulikuwa umepita nyuma ya ubao, umekunjwa kwa pembe mbili zilizonyooka, umefungwa vitepe sita. Aliuangalia na kukumbuka siku aliyoufunga. Ilikuwa moja ya kazi zake nzuri. Kuutoa kulimaanisha kukata vitepe vyote na kuvuruga mpangilio uliokaa miaka mitano bila kulegea. Alichukua ncha yake, akaijaribu kwenye tundu la pawa saplai mpya. Iliingia bila kulazimishwa, ikabana.

Akauacha mahali pake.

Saa sita na dakika ishirini alibonyeza kitufe. Feni zilizunguka nusu mzunguko, zikasita. Ndani ya boksi la umeme palisikika mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Vipuri alikuwa akila mkate mlangoni. "Imekataa?"

Bisibisi alivuta waya wa ukutani, akasubiri, akachomoa kadi ya picha, akajaribu. Kimya. Akachomoa ram mpya. Kimya. Kisha akachomoa plagi ya diski ya zamani na kubonyeza, na kompyuta yote ikawaka kama kawaida, feni zote zikavuma. Akaizima. Akarudisha plagi ya diski. Ikakataa.

Kompyuta inayokufa diski ikichomekwa na kufufuka ikichomolewa ina maana moja: diski ina shoti. Asubuhi haikuwa nayo.

Alichukua mita, akauchomoa ule waya kwenye diski, akaugeuza, akapima plagi yake. Mahali panapotakiwa volti tano palikuwa na volti kumi na mbili. Akapima tena, polepole, kama mtu anayeomba amekosea kusoma. Kumi na mbili. Kampuni mbili zilitumia tundu la umbo moja, na ndani yake kila moja ikapanga umeme wake inavyotaka. Jambo hilo Bisibisi alilijua. Alikuwa ameshawaonya mafundi wenzake wawili juu ya hilo hilo.

"Shemeji," aliita. "Nimeiunguza."

Vipuri aliweka mkate chini, akaja, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Alienda kurudishia mlango, akarudi.

"Nani anajua?"

"Mimi. Na wewe."

"Basi hakuna anayejua." Alivuta kiti, akakaa karibu. "Sikiliza, shemeji. Yeye mwenyewe amesema diski inakwaruza. Kasema kwa mdomo wake, nikisikia. Diski zinakufa kila siku, nyingine zinakufa hata hazijaguswa. Ukimwambia ilikuwa imechoka, atasikitika, atakushukuru kwa kuhangaika, mambo yameisha. Ukimwambia uliiunguza, kesho jengo zima linajua, na kodi ya chumba hiki tunalipa wawili."

"Ni sauti ya mtu ile."

"Najua ni sauti ya mtu. Ukijichafua, sauti itarudi?"

Bisibisi alikuwa ameshachukua diski, ameigeuza. Kwa bisibisi ndogo yenye kichwa cha nyota aliondoa skrubu za kibao cha kijani kilicho chini yake, akakiinua. Karibu na plagi palikuwa na vidude viwili vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Dayodi. Kazi yake ni kusimama mlangoni umeme mbaya unapoingia: inakubali kuungua yenyewe ili vilivyomo ndani visalimike. Aliweka ncha za mita juu ya ya kwanza. Mita haikulia. Akaweka juu ya ya pili, ile ya volti tano. Ikalia, mfululizo.

"Imekufa ikifanya kazi yake," alisema.

Vipuri alijua maana yake. Uso wake ulifunguka. "Basi iondoe. Ng'oa hiyo, rudisha kibao, mpe umeme wa waya sahihi. Nusu saa. Akija anaikuta inazunguka, na wewe hujamdanganya mtu, umenyamaza tu."

Lilikuwa pendekezo zuri, na uzuri wake ndio uliomtoa Bisibisi jasho. Alishika koleo ndogo. Aliifikisha mpaka juu ya dayodi. Kama dayodi iliungua kwa wakati, diski ingezunguka. Kama ilichelewa hata kidogo, kuna vingine vilivyoungua nyuma yake, na kuiwasha diski katika hali hiyo kungeweza kumaliza kilichosalia. Walikuwepo mabingwa, katika mji mwingine, wenye vyumba safi na vyombo vya kazi hiyo. Walichukua wiki tatu na walitoza sana, lakini nafasi ya kuokoa ingekuwa kubwa zaidi kama diski ingewafikia bila kuguswa na mtu.

Aliweka koleo chini.

"Unangoja nini?" aliuliza Vipuri.

"Diski si yangu. Kubahatisha nayo ni juu yake."

"Anajua nini kuhusu dayodi?"

"Nitamweleza."

Vipuri alitikisa kichwa. "Dada yangu aliniambia, nikamkatalia. Nikasema mtu hawezi kuwa mgumu kiasi hicho." Akarudi mezani kwake, akachukua mkate wake, lakini hakuula.

Kuanzia saa saba mpaka saa kumi Bisibisi hakufanya kazi nyingine. Alikata vitepe sita, akautoa waya ule, akaulaza mezani. Akapitisha waya sahihi na kuipima plagi yake mara tatu. Alikuja mtu na simu iliyovunjika kioo, akamwambia arudi kesho. Mkewe alipiga simu kuuliza kama atanunua sabuni, akajibu ndiyo bila kusikia swali. Alitunga maneno ya kumwambia mteja, akayafuta, akayatunga upya, na kila mara aligundua kwamba katikati yake amejipachikia kisingizio: haraka, bei, umri wa diski. Akaviondoa kimoja kimoja. Yalibaki maneno machache mno, na yote yalianza na mimi.

Mwanamke alifika saa kumi kasoro dakika tano, kamera begani, vumbi la uwanja wa shule kwenye viatu. Aliona kompyuta imefunguliwa. Aliona diski mezani, kibao chake pembeni. Akasimama.

"Ni hiyo diski, eh?" alisema taratibu. "Nilijua tu. Ile mikwaruzo. Imekufa yenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Uongo haukuhitaji hata kutungwa. Ulikuwa umeletwa mezani na mwenye mali, ukihitaji kichwa cha fundi kitikisike mara moja tu. Vipuri aliinamia droo yake, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Haikufa yenyewe, dada," alisema Bisibisi. "Nimeiunguza mimi. Niliacha waya wa zamani kwenye pawa saplai mpya. Uliingia vizuri, sikuupima. Na sikufanya nakala kwanza, nilipaswa kufanya."

Ngazini juu yao mtu alipita na viatu vizito, hatua kwa hatua, mpaka ghorofa ya kwanza.

"Kwa nini uliuacha?" aliuliza mwanamke.

Bisibisi aliuangalia waya uliolala mezani. "Ulikuwa umefungwa vizuri," alisema. "Sikutaka kuuharibu."

Mwanamke aliketi kwenye kigoda, kamera bado begani. Hakulia wala hakupaza sauti, na Bisibisi angependelea apaze. "Yule mzee anaandika kwenye ubao wa watoto wa shule siku hizi," alisema. "Nilipopita wiki iliyopita aliniandikia: Jumamosi nitajisikia. Ameandika hivyo. Jumamosi nitajisikia."

"Kuna njia mbili," alisema Bisibisi. Alimwonyesha dayodi, akamwambia kazi yake. Alimwambia habari za mabingwa, wiki tatu, gharama juu yake yeye fundi, hata kama ingembidi auze diski zake zote za kazi. Alimwambia njia ya pili, ya koleo, sasa hivi, na hatari yake. Hakumpunguzia hatari wala hakuikuza. "Sitakuchagulia. Ukisema mabingwa, nakifunga kibao sasa hivi na kesho asubuhi naipeleka kwa mkono."

"Ingekuwa yako ungechagua ipi?"

"Mimi ndiye niliyechagua asubuhi, dada. Usiniulize."

Mwanamke alitoa simu, akampigia mumewe, akazungumza naye kwa muda mfupi akiwa amempa Bisibisi mgongo. Alipogeuka alisema, "Anauliza: hicho kidude kilichoungua, kiliungua mara moja au kilichemka?"

"Hakuna alama ya moshi. Kibao ni safi."

Akarudia maneno hayo kwenye simu, akasikiliza, akaikata. "Anasema kwao hospitali mgonjwa wa namna hiyo hawamsafirishi. Mimi nasema Jumamosi." Alifunga macho kidogo, akayafumbua. "Kata."

Bisibisi alisafisha miwani. Alishika koleo kwa mkono wa kulia na kibao kwa wa kushoto. Dayodi ilikatika kwa mlio usiozidi wa ukucha. Aliondoa mabaki yake, akapima palipokuwa. Mita ilinyamaza. Akarudisha kibao, skrubu baada ya skrubu, akachomeka waya aliokwisha kuupima, akaupima tena mbele ya mwanamke.

"Volti tano," alisoma. "Kumi na mbili. Tano, kumi na mbili. Ziko sawa."

Akabonyeza kitufe.

Feni zilizunguka, zikaendelea. Wote watatu walisogeza vichwa karibu na diski. Kwa sekunde moja hapakuwa na kitu. Kisha palisikika mkwaruzo, ule ule wa kila asubuhi, na chini yake mvumo mwembamba uliopanda na kutulia.

"Inakwaruza," alisema Vipuri, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

"Usiseme chochote," alisema mwanamke.

Bisibisi alifungua folda ya mzee, akaunganisha diski kubwa ya kazini na kuanza kunakili folda hiyo peke yake kabla ya kitu kingine chochote. Mstari wa kijani ulijaa pole pole. Ulifika katikati, ukasimama. Diski ilikwaruza mara mbili, mstari ukaendelea. Ulisimama tena karibu na mwisho, kwa muda mrefu zaidi. Ukamalizika. Akafungua faili la mwisho, maana kunakili kukiyumba la mwisho ndilo huharibika.

Kwenye kioo alionekana mzee amekaa kwenye kiti cha mbao, shati limefungwa mpaka shingoni. Alikuwa anaongea na binti yake mdogo. Alimwambia asimsubiri mtu anayechelewa kila siku na kuleta sababu mpya. Yeye kwa miaka thelathini alisoma sababu za kuchelewa kwenye kipaza sauti, na hakuna hata moja iliyowahi kuifikisha treni. Akacheka. Sauti ilijaa chumba kizima, nzito na safi, kama ilivyojaa stesheni.

Mwanamke aliiangalia mpaka mwisho. Kisha akaishika ile diski kubwa ya kazini. "Hii naondoka nayo leo."

"Chukua. Kazi ya leo sitaki malipo, na diski yako nitakulipia mpya. Hiyo haina tena ulinzi, isitumike."

"Utanilipia," alikubali, bila kumshukuru. "Na watu wakiniuliza, nitawaambia uliiunguza."

"Waambie."

"Nitawaambia yote, fundi. Na hili la kuniambia pia nitalisema. Watapima wenyewe." Aliiweka diski ndani ya begi la kamera, akafunga zipu, akalikalisha begi mapajani. Bisibisi alidhani atainuka. Badala yake alivuta kigoda mpaka mezani, akaichukua mita na kuiangalia jinsi inavyoshikwa. "Haya. Bado kadi ya picha haijachomekwa. Toa waya zote, hata zile ulizozifunga, tuanze moja moja. Wewe chomeka, mimi nasoma."

Bisibisi alichukua mkasi, akaanza kukata vitepe.